Daraja la Tsavo na Kimya cha Kiswahili

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya ninachonuia kukijadili katika makala haya kimedumu kwa zaidi ya miaka 120 na mshindo wake haujasikika bado. Ni kimya cha Kiswahili, na cha sisi tunaojinasibisha nacho, mintarafu ya daraja moja la reli lililojengwa juu ya mto mdogo katika nyika iliyo baina ya Voi na Mtito Andei. Mto wenyewe ni Tsavo. Ujenzi wa daraja hilo ulianza 1898 ukakamilika Februari 1899, na sidhani kuna daraja jingine katika Afrika Mashariki ambalo limeandikiwa vitabu, likatengenezewa filamu na kujadiliwa katika majarida ya kisayansi kwa kiwango hiki. Hata hivyo, mwanafunzi akitaka kulisoma itambidi asome kwa Kiingereza. Lugha iliyosikika kila siku pale kambini, lugha ya wapagazi, ya askari na ya wapishi, imeachwa nje ya kisa mfano wa mtumishi aliyeiandaa karamu kisha akafungiwa jikoni.

Kabla ya kulifikia daraja, natuufikie mto. Tsavo si Tana wala si Nile. Hupokea sehemu kubwa ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, zilezile ambazo maji yake huwafikia wakazi wa Mombasa kwa bomba. Kisha huungana na Athi, na mto unaozaliwa na muungano huo huitwa Galana, nao ukikaribia bahari karibu na Malindi huitwa Sabaki. Anayetafuta mada ya tasnifu kuhusu majina ya mahali asiende mbali. Jina Tsavo huelezwa kwamba lina asili ya Kikamba na kwamba maana yake ni mauaji, na wapo wanaoihusisha maana hiyo na mapigano ya kale ya jamii za eneo hilo, si na simba hata kidogo. Waama, kabla ya mzungu yeyote kupima ardhi hiyo kwa mnyororo, misafara kutoka pwani ilikuwa ikikivuka kivuko hicho kuelekea bara, ikiwa na wapagazi waliobeba shanga na vitambaa kwenda, na pembe za ndovu kurudi. Kiswahili kilifika Tsavo kwa miguu. Reli ilikikuta.

Hata msamiati wa kuvukia mito tulikuwa nao. Gogo lililolazwa kutoka ukingo hadi ukingo tuliliita ulalo, na neno hilo linajieleza lenyewe, kwa maana gogo limelala. Daraja ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na katika lugha yetu limebeba maana mbili ambazo hatuzitenganishi: chombo cha kuvukia na cheo cha mtu. Tunasema daraja la Tsavo, na tunasema mtu wa daraja la juu. Sitaki kuifanyia falsafa sadfa hii, ila nitairudia kidogo huko mbele, kwa kuwa pale Tsavo maana zote mbili zilifanya kazi kwa pamoja.

Historia ya ujenzi inajulikana kwa jumla. Reli ya Uganda, kama ilivyoitwa ingawa karibu yote ilipita katika nchi ambayo leo ni Kenya, ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Ilifika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Serikali ya Uingereza iliagiza wafanyakazi takriban 32,000 kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na wasiofika 7,000 ndio waliobaki baada ya kazi kwisha. Reli ilipofika Tsavo mwanzoni mwa 1898, ilivushwa kwa daraja la muda la mbao ili utandazaji wa mataruma uendelee mbele. Umati mkubwa wa wafanyakazi ukasonga pamoja na ncha ya reli. Waliosalia nyuma walikuwa mamia kadhaa tu, na kazi yao ilikuwa kujenga daraja la kudumu, lenye nguzo za mawe ya kuchonga na mihimili ya chuma. Msimamizi wao alikuwa mhandisi na mwanajeshi aliyewahi kuhudumu India, John Henry Patterson, aliyetua Mombasa Machi 1898.

Yaliyofuata ndiyo yanayosimuliwa kila mahali. Simba dume wawili wasio na manyoya shingoni walianza kuwavamia wafanyakazi usiku na kuwatoa katika mahema yao. Maboma ya miiba hayakufua dafu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba 1898, akiwa juu ya dungu, jukwaa lilelile ambalo mkulima wa pwani hukesha juu yake akilinda mpunga wake dhidi ya nguruwe na nyani. Wa pili alimuua tarehe 29 mwezi huohuo. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kuhusu mkasa huo, nacho kikapata umaarufu mkubwa. Ngozi za simba zilikaa sakafuni mwa nyumba yake kwa miaka mingi hadi 1924, alipoziuza kwa makumbusho ya Field mjini Chicago kwa dola 5,000. Hollywood nayo haikubaki nyuma. Filamu ya 1952 ikaitwa Bwana Devil, na hapo Kiswahili kilipata mchango wake pekee, yaani neno moja la kumwita mkubwa. Filamu ya 1996 ilipigwa Afrika Kusini na ikamzua mwindaji Mmarekani ambaye hakuwahi kuwapo. Yaani Tsavo ilihamishwa kutoka Tsavo, na hakuna aliyelalamika kwa sababu kisa kilikwisha kuwa mali ya wengine.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika kitabu cha 1907 Patterson alitaja Wahindi 28 waliouawa na simba, na akaongeza kwamba Waafrika waliouawa walikuwa wengi pia ila hawakuandikwa popote. Katika maandishi yake ya baadaye kwa ajili ya makumbusho ya Chicago, idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza kemia ya mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba waliliwa takriban watu 35, ingawa kadirio lenyewe lina upana mkubwa, kutoka 4 hadi 72. Uchunguzi wa meno ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mmoja wa simba hao alikuwa na jino bovu lenye usaha, jambo linaloweza kueleza kwa nini aliacha kuwakimbiza nyati na punda milia na kuwageukia viumbe waliolala hemani.

Mimi si mtaalamu wa simba. Ninachokiona katika takwimu hizi ni suala la uandishi. Mwafrika aliyekufa Tsavo hakuhesabiwa, na kwa kuwa hakuhesabiwa, mwandishi alikuwa huru kumhesabu apendavyo. Mwaka huu alikuwa sifuri, mwaka ule alikuwa mia. Hilo ndilo daraja kwa maana ya cheo. Mhandisi ana jina, picha na kaburi linalojulikana. Fundi Mhindi ana nambari, na mara mojamoja ana jina. Kwa mfano jemadari Ungan Singh, aliyekuwa miongoni mwa wahanga wa mwanzo, anatajwa. Mpagazi Mtaita, Mkamba au Mswahili hana hata nambari. Mtu anayetaka kujua kwa nini fasihi simulizi si mchezo wa kuwaburudisha watoto na aitafakari orodha hiyo. Mahali ambapo daftari halikuandika, ni kinywa tu kilichoweza kuhifadhi, na kinywa kisipoulizwa kwa wakati hufumbwa na udongo.

Kuna sehemu ya kisa cha Tsavo ambayo wasimulizi wa simba huipita mbiombio, nayo kwangu ina uzito kuliko simba wote wawili. Ni kisa cha kazi. Ujira wa mwashi ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko wa kibarua wa kawaida, na Patterson aliamini kwamba wengi waliojiandikisha kuwa waashi hawakuujua uashi. Akaanzisha malipo kwa kipande: kila mtu alipwe kwa kadiri ya mawe aliyoyachonga na kuyapanga. Waliopunjwa na mpango huo, au waliojiona wamepunjwa, walikasirika hata wakapanga kumuua huko machimboni. Njama ilishindikana, na viongozi wake wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Desemba 1898, wafanyakazi walifanya jambo ambalo lingestahili kuwa tamthilia. Walilala juu ya reli ili kulisimamisha garimoshi lililokuwa likipita kuelekea pwani, wakalipanda kwa mamia na kuondoka zao. Walisema kwamba walikuja Afrika kwa mkataba wa kufanya kazi, si kuwa chakula cha simba. Ujenzi ulisimama kwa muda wa wiki tatu hivi.

Katika kitabu cha Patterson tukio hilo linasimuliwa kama woga. Nami nauliza, hivi watu wanaolala mbele ya injini ya chuma inayokuja kwa kasi ni waoga? Huo ulikuwa mgomo, na ulikuwa mgomo wenye hoja safi kabisa kuhusu usalama kazini. Hatuna budi kuuita kwa jina lake. Zaidi ya nusu karne baadaye, Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyelelewa nchini humu na ambaye babake alikuwa fundi katika reli hiyohiyo, angesimama katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mwezi wa Aprili 1950, na kudai uhuru wa nchi hizi hadharani, jambo lililomtia kizuizini hadi 1961. Sidai kwamba kuna kamba iliyonyooka kutoka Tsavo hadi Kaloleni. Ninadai kwamba mwanafunzi wa tamthilia anayelalamika kuwa mada zimekwisha hajatazama nje ya dirisha la basi anapokwenda Mombasa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika. Daraja la Tsavo lilitungiwa shairi. Mwishoni mwa Januari 1899, daraja likikaribia kukamilika, mmoja wa wafanyakazi alitunga utungo mrefu wa kumsifu Patterson kwa kuwaua simba. Aliitwa Roshan mistari, mtu wa wilaya ya Jhelum, katika nchi ambayo leo ni Pakistani. Neno hilo lisimbabaishe msomaji. Kwa Kihindustani mistari ni fundi, si mistari ya shairi, ingawa kwa bwana huyu mambo hayo mawili yalikutana. Patterson aliutia utungo huo katika kitabu chake kwa tafsiri ya Kiingereza. Katika siku hizohizo wafanyakazi walimtunukia bakuli la fedha lililochorwa maneno ya shukrani. Watu walewale ambao miezi michache nyuma walikuwa na njama ya kumtoa roho! Yamkini kulikuwa na unafiki, yamkini kulikuwa na furaha ya kweli ya mtu aliyelala usiku kucha bila kuvamiwa. Sifa kwa mkubwa, katika ushairi wa Bara Hindi na katika ushairi wetu pia, haijawahi kuwa jambo jepesi la kusomwa kijuujuu.

Kinachoniuma ni kwamba huyu fundi wa Jhelum, akiwa katika nchi ya ugeni, mikono imejaa vumbi la mawe, aliona kwamba tukio kama lile haliwezi kupita bila kutungiwa shairi. Na sisi je? Ushairi wa Kiswahili wa zama hizohizo haukuwa umelala. Hemedi bin Abdallah al-Buhry alikuwa amekwisha kutunga utenzi kuhusu vita vya Wajerumani kuitamalaki Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini angetunga wake kuhusu Vita vya Maji Maji muda si mrefu baada ya vita vyenyewe. Nathari nayo ilikuwapo: Waswahili kadhaa waliandika habari za safari zao za bara, na habari hizo zikakusanywa na Carl Velten na kuchapishwa 1901, mwaka uleule ambao reli ilifika ziwani. Kumbe washairi na waandishi wetu walikuwa na ada ya kuliangalia tukio kubwa la kihistoria usoni na kulitia katika vina au katika masimulizi. Upande wa Mombasa, mji wa Muyaka, mji ambao reli ilianzia mlangoni pake, utungo wa Tsavo uko wapi? Uwezekano mmoja ni kwamba ulitungwa na haukuandikwa. Uwezekano wa pili ni kwamba uliandikwa na umelala katika sanduku la mtu huko Mji wa Kale. Uwezekano wa tatu ni kwamba watu wa Mombasa waliiona reli kuwa shughuli ya wageni isiyowahusu. Kila mojawapo ya majibu haya matatu ni somo zima, na ni wajibu wa idara za Kiswahili kulitafuta jibu lenyewe badala ya kusubiri mtafiti kutoka ng'ambo aje atuulize.

Hapa nataka kugombana kidogo na wenzangu. Katika insha za historia ya Kiswahili tunazoziandika mwaka baada ya mwaka, kuna sentensi moja tunayorithishana kama mali ya ukoo: kwamba ujenzi wa reli ulisaidia kukieneza Kiswahili bara. Tunaiandika, mhadhiri anaiwekea alama ya vyema, tunasonga mbele. Lakini ni Kiswahili kipi kilichoenezwa? Kati ya nani na nani? Fundi wa Punjab alizungumza na mhandisi wake kwa Kihindustani. Patterson aliifahamu lugha hiyo kutokana na miaka yake ya India. Wapagazi wa pwani walizungumza Kiswahili cha pwani. Wakamba na Wataita waliouza vyakula au kubeba mizigo walikuwa na lugha zao. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili kilichosafiri na reli yaelekea kilikuwa cha aina nyingi, na mojawapo ilikuwa ile ya kuamrisha: lete, beba, haraka, kelele. Ni jamaa ya kile kilichokuja kuitwa Kisetla katika mashamba ya walowezi. Lugha inayofika mahali ikiwa na vitenzi vya amri peke yake haijaenea. Imetumwa. Kuenea kulitokea baadaye, mafundi, makarani na vibarua wa makabila mbalimbali walipoishi nyumba kwa nyumba katika makao ya wafanyakazi wa reli, wakaoana, wakaanzisha timu za kandanda, wakazikana. Historia hiyo ya pili ndiyo tusiyoifundisha.

Ushahidi mwingine uko katika msamiati, na hapa mwanaisimu angefurahi. Chukua neno garimoshi. Gari limetoka Bara Hindi. Moshi ni letu, la Kibantu kabisa. Fundi wa Punjab na mpagazi wa Rabai hawakuacha picha ya pamoja, lakini waliacha neno la pamoja, na kila mtoto wa Kenya aliyewahi kuimba wimbo wa treni amelitia kinywani. Rupia na laki zimetoka upande huohuo wa bahari, ingawa nyingine zilikuja kwa majahazi kabla ya reli, na si haki kuipa reli sifa za mashua. Reli na stesheni ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Taruma, behewa na kibarua zina kila moja historia yake. Hii ni sajili nzima, na ilikuwa na watu wake. Alikuwapo mtu wa kupasha moto injini, mtu wa kubadilisha njia, mtu wa kupeperusha bendera, mtu wa kupiga nyundo reli na kusikiliza mlio wake ajue kama ina ufa. Kila mmoja alikuwa na maneno yake, mengine ya matani, mengine ya siri ya kazi.

Watu hao wanatutoka. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Kijana aliyeajiriwa na shirika hilo mwaka wa mwisho wa uhai wake, akiwa na miaka 20, leo amekaribia au ametimiza miaka 70. Mwaka 2017 treni ya abiria ya reli ya zamani baina ya Nairobi na Mombasa ilisita, na Mei mwaka huo reli mpya ikazinduliwa, nayo inauvuka Mto Tsavo kwa daraja lake yenyewe, refu na la juu, lililonyanyuliwa kwa zege ili wanyama wapite chini. Sina chuki na reli mpya. Inakwenda kwa kasi na inafika kwa wakati. Ila tazama jina la treni yake: Madaraka Express, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na reli yenyewe tunaitaja kwa herufi tatu za Kiingereza ilhali majirani zetu wa Tanzania wanaiita yao reli ya kisasa bila kutetereka ulimi. Abiria anapita juu ya Tsavo katika muda wa kupiga chafya chache. Kutoka huko juu mtu huhitaji kuambiwa kwamba chini kuna mto, seuze kwamba kuna daraja la zamani lenye mambo ya kusimulia.

Najua nitapingwa kutoka pande mbili. Wa kwanza watasema kwamba daraja lile ni jiwe la ukoloni, na kulienzi ni kuuenzi mnyororo. Watanikumbusha kwamba manabii wa jamii zetu walitabiri ujio wa nyoka wa chuma kwa masikitiko, na kwamba Wanandi walipigana na nyoka huyo kwa miaka hadi Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila Oktoba 1905. Wana hoja. Lakini Wanandi wenyewe hawakunyamaza. Wamemsimulia nyoka yule kwa lugha yao, kwa jina walilompa wao, na ndiyo maana upinzani wao unafahamika na watoto wa shule. Kukiacha kisa cha Tsavo mikononi mwa aliyekiandika kwanza hakuupunguzii ukoloni chochote. Kunauongezea maisha.

Wa pili ni wale wanaotaka simba warejeshwe kutoka Chicago. Ni dai la haki, na siku wakirudi nitakwenda kuwatazama. Ila naona tumeanza mkiani. Tunadai ngozi ilhali hatujadai kisa. Simba wakirudi leo watawekwa katika chumba cha makumbusho, na pembeni yao kitabandikwa kibao, na kibao hicho kitaandikwa nini, kwa lugha gani, na kwa kumnukuu nani? Kama hatuna chetu, tutamtafsiri Patterson. Tutakuwa tumelipia nauli ya simba ili waje watusimulie hadithi ileile.

Na suala hili si la nadharia tupu. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba wamepata chembe za nywele zilizokwama katika meno yaliyovunjika ya simba wa Tsavo, na kwa kuchunguza vinasaba vyake wakatambua twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia, na binadamu. Kuhusu nywele za binadamu walijizuia. Walieleza kwamba huenda wazao wa marehemu wako hai katika eneo hilo, na kwamba sehemu hiyo ya utafiti inapaswa kufanywa kwa kuzihusisha jamii. Nimeusoma uamuzi huo kwa heshima. Kisha nikajiuliza: siku hiyo ikifika, nani atakaa mkekani na wazee wa Taita na Ukambani, na familia za Kihindi za Voi na Makindu, awaulize kama kuna babu aliyekwenda kufanya kazi darajani asirudi? Maswali hayo hayaulizwi kwa fomu ya Kiingereza. Yanaulizwa kwa kubisha hodi, kwa pole, kwa kujua lini uendelee na lini unyamaze. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa ukusanyaji wa fasihi simulizi kwa Kiswahili na kwa lugha za eneo. Ni kazi yetu, na hatujajiandaa kuifanya.

Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inatoa njia ya kuyatangaza majengo ya kale kuwa turathi za kitaifa. Vifungu hivyo viwili havijawahi kukutanishwa ipasavyo pale Tsavo. Chama chetu kingeweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti ya serikali. Kila mwaka wanafunzi wa fasihi simulizi hutumwa nyanjani kukusanya methali na ngano, na aghalabu hurejea na methali zilezile zilizo katika vitabu vyote. Napendekeza kwamba kundi la mwaka ujao lipelekwe Voi, Mtito Andei na Makindu, likawatafute wastaafu wa reli na watoto wao, likarekodi majina ya kazi, matani, nyimbo za kunyanyulia reli, visa vya mizimu ya stesheni, na kila wanachokisikia kuhusu daraja. Wahadhiri wa isimujamii wasimamie upande wa sajili, wa fasihi wasimamie masimulizi, na kanda zenyewe zitunzwe maktabani mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuziomba na kupewa. Likizo ndefu huanza baada ya mitihani ya muhula huu. Nauli ya basi hadi Voi ni ndogo kuliko gharama ya karamu yetu ya mwisho wa mwaka, na orodha ya wanaotaka kwenda inaweza kufunguliwa wiki hii.